Kwa Nini Mwamuzi Huadhibiwa Lakini Matokeo Hayabadiliki

Mchezo wa Ligi Kuu unapoamuliwa kwa penalti yenye utata, hukumu huanza kutolewa kabla wachezaji hawajafika katika vyumba vya kubadilishia nguo. Ndani ya daladala, saluni na vijiweni redio huwa imewashwa, na kufikia asubuhi ya pili vipindi vya michezo huwa vimekwisha kumtia mwamuzi hatiani au kumwachia huru kulingana na aliyeshika kipaza sauti. Siku kadhaa baadaye hutoka taarifa ya Bodi ya Ligi Kuu Tanzania (TPLB) kwamba mwamuzi huyo ameondolewa kwenye ratiba kwa mizunguko kadhaa kwa sababu ya kushindwa kutafsiri vyema sheria za mchezo. Matokeo hubaki yalivyokuwa.

Hapo ndipo shabiki huuliza swali ambalo limekuwa kiini cha manung'uniko yake kwa miaka mingi: ikiwa mamlaka yenyewe imekiri kwamba mwamuzi alikosea, pointi zetu ziko wapi?

Ni swali la haki, na inasikitisha kwamba katika saa nyingi za uchambuzi zinazorushwa kila siku ni mara chache hupatiwa jibu. Jibu lenyewe limo katika Sheria ya 5 ya Sheria za Mchezo wa Mpira wa Miguu, zinazotungwa na Bodi ya Kimataifa ya Vyama vya Mpira (IFAB), chombo kilichoanzishwa mwaka 1886 na ambacho sheria zake hutumika Dar es Salaam sawasawa na zinavyotumika London. Sheria hiyo inaeleza kwamba maamuzi ya mwamuzi kuhusu matukio ya mchezo ni ya mwisho, yakiwamo kama goli limefungwa au halikufungwa, pamoja na matokeo ya mchezo wenyewe. Mwamuzi anaweza kubadili uamuzi wake akigundua amekosea au akishauriwa na wasaidizi wake, lakini hana nafasi hiyo mchezo ukishaanza tena, au akishamaliza kipindi na kutoka uwanjani. Hali za kipekee ambazo sheria imeziruhusu ni chache mno.

Kwa hiyo kamati inayokaa baada ya mchezo haikai kama mahakama ya rufaa ya penalti. Kamati ya Uendeshaji na Usimamizi wa Ligi, ambayo wapenzi wa soka wameizoea kwa jina la Kamati ya Saa 72, hupitia taarifa za wasimamizi wa mchezo na kuangalia iwapo kanuni za ligi zilifuatwa. Inapomwondoa mwamuzi kwenye ratiba, inapima ubora wa kazi yake, kama ambavyo mwajiri humchukulia hatua mtumishi aliyekosea bila kufuta kila alichokitenda siku hiyo. Adhabu hiyo inalinda michezo ijayo. Mchezo uliopita haumo ndani ya mamlaka yake, na kwa shabiki aliyesafiri usiku kucha kutoka mkoani ili kuiona timu yake ikipoteza kwa kosa lililokiriwa, hiyo ni faraja ndogo.

Mkanganyiko huongezeka kwa sababu zipo nyakati ambapo pointi hubadilishwa nje ya uwanja. Mwezi Aprili 2017, kwa mfano, Simba ilipewa pointi za mchezo iliokuwa imepoteza dhidi ya Kagera Sugar, kwa madai kwamba mpinzani wake alimtumia mchezaji mwenye kadi tatu za njano, kisha uamuzi huo ukatenguliwa na kamati nyingine ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF). Wengi walilitaja suala hilo kana kwamba ni utata wa uamuzi uwanjani. Halikuwa hivyo. Lilihusu uhalali wa mchezaji kushiriki, jambo la kiutawala linalothibitishwa kwa nyaraka, na huko ndiko kanuni za mashindano zinakotoa nafasi ya kunyang'anya au kurejesha pointi.

Hali kama hiyo ilijitokeza kwa uzito mkubwa zaidi Machi 8, 2025. Mchezo wa Yanga na Simba katika Uwanja wa Benjamin Mkapa uliahirishwa siku ileile uliopangwa kuchezwa, baada ya Simba kueleza kwamba jioni iliyotangulia ilizuiwa kufanya mazoezi uwanjani hapo, haki ambayo kanuni za ligi huipa timu mgeni. Hapakuwa na filimbi iliyopulizwa wala kadi iliyotolewa. Mzozo ulikuwa wa kanuni na wa mamlaka ya kuahirisha, ukafika hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo (CAS), ambayo iliielekeza Yanga kumaliza kwanza ngazi za ndani. Mchezo ulichezwa Juni 25 chini ya waamuzi kutoka Misri, Yanga ikashinda 2-0 na kutwaa ubingwa. Kati ya tarehe hizo mbili ilipita zaidi ya miezi mitatu, na katika muda wote huo mwananchi alihitaji mtu wa kumfafanulia kanuni inasema nini na nani ana mamlaka gani. Mara nyingi alichopata ni majibizano ya pande mbili.

Turudi uwanjani, kwa kuwa lipo jambo jingine ambalo huwachanganya hata wachambuzi wenye uzoefu. Maamuzi ya mwamuzi hayafanani kwa asili. Kama mpira umevuka mstari au haukuvuka ni suala la ukweli wa tukio, nalo lina jibu moja tu hata kama jicho lilishindwa kuliona. Kama mkono wa beki uliufanya mwili wake uwe mkubwa isivyo kawaida ni suala la maoni, na sheria imemkabidhi mwamuzi kazi ya kuyatoa. Waamuzi wawili wazuri wanaweza kutofautiana kuhusu mkono huo na wote wawili wakawa ndani ya sheria. Redioni, aina hizi mbili huwekwa katika kapu moja na kuitwa “makosa ya wazi”.

Suala la kunawa mpira ndilo linaloonyesha tatizo hili vizuri zaidi. Mwaka 2019 sheria ilibadilishwa, ikawa kwamba goli lililotanguliwa na mpira kugusa mkono wa mshambuliaji au wa mwenzake, hata kwa bahati mbaya, lilikataliwa. Mwaka 2021 ikabadilishwa tena: mpira ukimgusa mkononi kwa bahati mbaya mchezaji mmoja, kisha mwenzake akafunga, goli ni halali. Linalokataliwa ni goli la mfungaji mwenyewe aliyeguswa mkononi. Anayehukumu tukio la leo kwa kutumia sheria ya 2019 anaweza kuwashawishi maelfu ya wasikilizaji kwamba wameibiwa goli, ilhali mwamuzi alikuwa sahihi.

Ndivyo ilivyo pia kwa kilio cha “kadi nyekundu iko wapi?” Tangu mwaka 2016, beki anayemnyima mpinzani nafasi ya wazi ya kufunga akiwa ndani ya eneo la adhabu, iwapo alikuwa anajaribu kuuchukua mpira na penalti ikatolewa, huonyeshwa kadi ya njano. Kabla ya hapo timu yake ilipata adhabu tatu kwa kosa moja: penalti, kadi nyekundu na kumkosa mchezaji huyo katika michezo iliyofuata. Akimvuta jezi au kumsukuma, nyekundu ipo palepale. Tofauti hiyo huelezeka kwa nusu dakika hewani, na mtangazaji anayeitumia nusu dakika hiyo humwondolea msikilizaji hasira ya wiki nzima.

Wapo wanaoamini kwamba teknolojia ya video, yaani VAR, itamaliza mizozo yote. Mashabiki wa Tanzania wana sababu ya kulitafakari hilo kwa makini. Aprili 5, 2024, mjini Pretoria, katika mchezo wa marudiano wa robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, shuti la Stephane Aziz Ki wa Yanga liligonga mtambaa panya, likadunda karibu na mstari wa goli la Mamelodi Sundowns na kutoka nje. VAR ilikuwapo na tukio lilikaguliwa, lakini goli halikukubaliwa. Baada ya sare tasa katika michezo yote miwili, Yanga ilitolewa kwa penalti 3-2, na mpaka leo ukiwa mahali penye mashabiki wa timu hiyo ni vigumu kulitaja goli lile na kuendelea na mazungumzo mengine.

Maelezo ya kisheria ya tukio hilo hayapozi machungu, ila yanasaidia kulielewa. Sheria inataka mpira mzima uwe umevuka mstari mzima, ardhini au hewani. VAR, iliyoingizwa katika Sheria za Mchezo mwaka 2018, haikuundwa ili kuchezesha mchezo upya kwa video. Huingilia pale tu panapokuwa na kosa lililo wazi na dhahiri kuhusu mambo makubwa kama goli, penalti au kadi nyekundu ya moja kwa moja. Picha zisipotoa uthibitisho usio na shaka, uamuzi wa uwanjani hubaki. Nayo hutegemea kamera zilizopo na pembe zilikowekwa, jambo ambalo wanaoitaka VAR katika kila kiwanja cha Ligi Kuu, yenye timu 16 na michezo 240 kwa msimu, hawana budi kulihesabu.

Redio zenyewe zimepitia mabadiliko makubwa. Enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, msikilizaji alimtegemea mtangazaji kama Ahmed Jongo au Charles Hilary awe macho yake. Uamuzi wa mwamuzi ulitajwa na mpira ukaendelea, kwa kuwa hapakuwa na marudio ya kubishania. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua milango kwa vituo binafsi, televisheni zikafuata, na sasa kila tukio huonekana kwenye simu likiwa limepunguzwa kasi. Kazi ya redio imehama kutoka kusimulia mchezo kwenda kuuchambua. Ni hatua nzuri, na vipo vipindi ambavyo kwa hakika vimeinua uelewa wa soka nchini.

Malalamiko ya wasikilizaji yanahusu upande wa pili wa mabadiliko hayo. Wanasema mchambuzi hutambuliwa kwanza kwa timu anayoishabikia, kisha kwa anachokijua. Si siri kwamba klabu kubwa zimewahi kuchukua wasemaji wao kutoka miongoni mwa waandishi na wachambuzi, hivyo msikilizaji anapohisi kwamba maoni anayopewa yana jezi ndani yake, hisia hiyo haikutoka hewani. Kuwa na timu si kosa. Tatizo huanza pale maoni yanaposomwa kwa sauti ya habari, na msikilizaji akashindwa kujua kilichothibitishwa ni kipi na kinachodhaniwa ni kipi. Kanuni za maudhui ya utangazaji zilizotungwa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 zinataka habari iwe sahihi na yenye mizania, na kipindi cha michezo hakikuachwa nje ya wajibu huo.

Uzito wa jambo hili unaonekana zaidi linapofika neno rushwa. Kusema mwamuzi alikosea ni maoni. Kusema alinunuliwa ni tuhuma ya jinai dhidi ya mtu mwenye jina, familia na, kwa waamuzi wengi wa hapa nchini, kazi nyingine ambayo Jumatatu asubuhi lazima aingie. Watoto wake husikiliza redio hiyohiyo. Upande mwingine, ikiwa kweli alinunuliwa, tuhuma iliyomwagwa hewani bila ushahidi humpa onyo na muda wa kujipanga. Mwenye taarifa za kupanga matokeo anapaswa kuzifikisha Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU), ambayo hupokea taarifa bila malipo kwa namba 113.

Pamoja na hayo, si haki kuzitwika redio lawama zote. Kati ya filimbi ya mwisho na taarifa ya kamati kuna pengo, na kwa desturi ya mchezo mwamuzi hazungumzi na vyombo vya habari. Taarifa inapotoka, mara nyingi hutaja kosa na adhabu kwa sentensi chache zisizofafanua tukio. Anayenyimwa maelezo huyatafuta kwingine. Aya mbili zaidi zinazoeleza ni kifungu kipi kilichokiukwa, na mwamuzi alipaswa kuamua nini, zingewapa wachambuzi kitu cha kuchambua na mashabiki kitu cha kusoma wakiwa na subira.

Kwa sasa, mwananchi asiyeridhishwa na kipindi cha redio anaweza kuanza kwa kupeleka malalamiko yake kwenye kituo husika, na asiporidhika kuyafikisha Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ambako Kamati ya Maudhui hushughulikia masuala ya aina hiyo. Malalamiko hupata nguvu yakitaja jina la kipindi, tarehe, saa na maneno yaliyotamkwa. Barua inayosema tu kwamba kituo fulani kinaipendelea Simba au Yanga haifiki mbali. Kuhusu mchezo wenyewe, mwenye nafasi ya kuwasilisha pingamizi ni klabu, kwa maandishi na ndani ya muda uliowekwa na kanuni za ligi. Shabiki hana mlango wa moja kwa moja katika Kamati ya Saa 72. Mlango wake ni uongozi wa klabu yake na, kwa aliye mwanachama, mkutano mkuu.