Riziki ya Uani: Darasa Kutoka Boma Moja la Kitale



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Mama zetu na dada zetu, kila mnapofungua pakiti ya unga ili kusonga sima, jueni kwamba huenda mahindi yake yalisafiri zaidi ya kilomita 800 kabla ya kufika jikoni kwenu. Kaunti ya Trans Nzoia, ambayo makao yake ni mji wa Kitale, ni ghala la nafaka la nchi yetu. Huko ndiko ilikoasisiwa kampuni ya mbegu ya Kenya Seed mwaka 1956, na huko ndiko kituo cha utafiti kilikotoa, mwaka 1964, mbegu chotara ya mahindi iitwayo H611. Kwa hiyo mgeni atokaye pwani huingia Kitale akidhani kwamba kila nyumba imeshiba. Mimi pia nilidhani hivyo, hata nilipofikia kwa mwanafunzi wangu wa zamani wa madrasa, ambaye aliowa huko na kuhamia huko, akanionyesha yaliyo nyuma ya mahindi.

Nilifika mwezi wa Juni. Mji ule uko mita 1,900 hivi juu ya bahari, na baridi yake ya alfajiri humfanya mtu wa Mombasa achelewe kuligusa birika la udhu. Mlima Elgon ulikuwa umejifunika mawingu upande wa magharibi, na shamba la mwenyeji wangu, ekari moja tu nyuma ya nyumba, lilikuwa na mahindi yaliyofika kifuani. Nikamwambia, "Mashallah, mwaka huu mtavuna." Akacheka kidogo, akasema, "Maalim, kuvuna kila mwaka twavuna. Swali ni je, tunavuna ya nani?"

Sikumwelewa mpaka aliponieleza. Mahindi ya Kitale ni ya msimu mmoja. Hupandwa mvua zianzapo, mwezi wa Machi au Aprili, na huvunwa Oktoba na Novemba. Baina ya hapo kuna miezi ambayo ghala li tupu, mbolea imekwisha kununuliwa kwa fedha yote iliyokuwapo, na shule zinafunguliwa. Ndipo huja wachuuzi wakipita bomani na fedha mkononi, wakinunua mahindi yangali mabichi shambani. Mwenyeji wangu aliuza hivyo miaka mitatu mfululizo. Mwaka mmoja aliuza shambani mahindi yaliyokadiriwa kuwa magunia 10, na bei aliyopewa, kwa hesabu yake mwenyewe, haikutosha kununua hata magunia 5 yalipokauka. Ilipofika Aprili, mkulima huyo wa Kitale alikwenda dukani kununua unga wa pakiti, kama sisi wa pwani.

Hapa nilisimama kidogo, kwa sababu jambo hili lina hukumu yake. Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza mazao kabla ya kudhihiri kukomaa kwake, maana hakuna ajuaye kama yatasalimika. Mwaka 2017 viwavi vamizi viliingia nchini na kuanza kula mahindi ya magharibi mwa Kenya, na aliyekwisha kununua shamba bichi na aliyekwisha kuliuza walitazamana kwa uchungu. Wanazuoni wetu wameruhusu kuuza mmea mbichi kwa sharti la kukatwa papo hapo, kama majani ya kulishia ng'ombe. Tena sharia imefungua mlango mwingine, nao ni bei ya salam: mnunuzi hulipa bei yote katika kikao kile kile, kipimo na sifa ya nafaka hutajwa, siku ya kukabidhi hujulikana, wala mkataba haufungwi kwenye shamba moja maalumu. Aliyeshikika na akapata mnunuzi mwadilifu, basi na aingie kwa mlango huu.

Lakini mtu mwenye njaa hakai kitako kusoma masharti ya mikataba. Kilichoiokoa nyumba ile hakikutoka kwenye ekari ya mahindi. Kilitoka uani.

Mke wa mwenyeji wangu alianza na mboga. Jirani yake alikuwa amejifunza katika chuo cha Manor House, kilichoanzishwa karibu na Kitale mwaka 1984 ili kufundisha ukulima wa eneo dogo kwa mbolea ya asili. Jirani akamwonyesha namna ya kuandaa matuta: ardhi huchimbwa kwa kina cha majembe mawili, ikalainishwa, ikachanganywa na samadi iliyooza, na kisha haikanyagwi tena. Mizizi ikipata njia ya kushuka, miche huweza kupandwa karibu karibu, na tuta moja dogo hutoa mboga nyingi kuliko mtu anavyotazamia. Akapanda sukuma wiki, kunde, managu na saga. Managu ndiyo mnavu wetu, na saga ndiyo mgagani. Mboga ambazo bibi zetu wa pwani walizijua na sisi tumezisahau. Kila asubuhi aliuza mafungu machache kwa majirani na kwa muuza mboga wa njia panda.

Kisha akaingia katika kuku, na hapo alipata msiba. Kuku 12 wa mwanzo walifagiwa na kideri kwa muda wa wiki moja. Sote tunaijua methali isemayo kwamba kuku wa mkata hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, na akilea huchukuliwa na mwewe. Aliniambia, mumewe akiwa amekaa pale pale, kwamba aliiamini methali hiyo kwa mwaka mzima, asitake hata kulitazama banda. Kisha akasikia kwa afisa wa mifugo kwamba ugonjwa ule hauna dawa ukishaingia, lakini una chanjo kabla ya kuingia: tone moja katika jicho la kuku, nayo hurudiwa kila baada ya miezi michache. Chupa moja ya chanjo huwatosha kuku wengi kuliko alio nao mtu mmoja, basi wanawake watano wa mtaa ule wakachanga, wakainunua kwa pamoja, wakaibeba katika chombo chenye barafu, na kuwachanja kuku wao wote siku moja. Mkata alikuwa hana elimu ya kuku. Alipoipata, kuku wakataga.

Nilipofika alikuwa na kuku 20 wa kienyeji walioboreshwa. Alinifungulia daftari la shule lililoandikwa kwa penseli. Kuku wale hawatagi wote kila siku. Kwa wastani alikuwa akiokota mayai 10, yaani trei moja kila siku tatu. Trei 10 kwa mwezi, kwa shilingi 15 yai moja, ni shilingi 4,500. Akiondoa chakula cha nyongeza, chanjo na dawa ya minyoo, alibakiwa na 2,500 hivi, na mboga zilimletea karibu kiasi hicho hicho. Ng'ombe wao mmoja maziwa yake yalikuwa ya watoto, na kilichozidi ndicho kiuzwacho. Samadi ya banda na ya zizi ilikusanywa shimoni mpaka ioze, ndipo ikarudishwa kwenye matuta.

Mtu aweza kuidharau fedha hiyo. Haikutosha karo yote ya mtoto wa sekondari. Lakini ilitosha kulipa fungu moja na kumfanya mwalimu mkuu akubali kungoja, ilitosha chumvi, sukari na mafuta ya kupikia, na kwa ajili hiyo mchuuzi alipobisha hodi mwezi wa Julai aliambiwa, "Rudi Januari." Hiyo ndiyo faida kubwa ya uani. Mayai hayakuitajirisha nyumba, bali yaliyalinda mahindi mpaka yakauke na bei ipande.

Na kuyangoja kunataka hadhari, kwani mvua za Oktoba huweza kuyakuta mahindi yangali na unyevu, na nafaka isiyokauka huingia kuvu wenye sumu. Walinifundisha kipimo chepesi: chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kidogo na punje za mahindi, funika na utikise. Chumvi ikigandama kwenye kioo, yarudishe mahindi juani. Isipogandama, yatie katika magunia yasiyopitisha hewa, na fukusi watakosa pumzi humo ndani.

Usiku wa mwisho, baada ya chakula, mama mwenye nyumba aliniuliza swali ambalo nadhani lilikuwa likimkaa moyoni siku zote nilizokuwa pale. "Sheikh, fedha ya mayai ni ya nani?"

Mwanafunzi wangu aliinama. Nikafahamu kwamba jambo hili lilikwisha kusemwa baina yao, na halikusemwa kwa upole. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba alikuwa akichukua katika kopo la mayai bila kuuliza, akihesabu kwamba banda limejengwa kwenye ardhi yake.

Nilimjibu kama nilivyofundishwa, na nalirudia hapa ili lisomwe na waume pia. Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Suratun-Nisaa kwamba wanaume wana fungu lao katika walichokichuma, na wanawake wana fungu lao katika walichokichuma. Kulisha, kuvisha na kuweka nyumba ni wajibu wa mume, na wajibu huo hauondoki kwa sababu mke ameokota mayai. Alichokichuma mke kwa mtaji wake na mikono yake ni mali yake. Akikitoa kwa hiari kuisaidia nyumba, hiyo ni sadaka, tena iliyo bora. Zaynab, mke wa Abdullah bin Masud, aliyekuwa na kazi yake ya mikono, aliuliza juu ya kumsaidia mumewe na mayatima aliowalea, na Mtume (s.a.w.) akambashiria ujira mara mbili: wa kuunga udugu na wa sadaka. Lakini hakuna ujira wa sadaka katika kitu ulichonyang'anywa.

Nyumba ikakaa kimya kidogo. Kisha mume akaomba lile daftari. Wakaandika, nami nikiwa shahidi: ardhi ya mume, kuku na matuta ya mke, na akichukua mume katika kopo la mayai, ni deni liandikwalo, litakalolipwa mahindi yakiuzwa. Qur'ani imetuamuru kuandika madeni, na sijaona iliposema kwamba mume na mke wamesamehewa. Mama yule akasema, "Basi sasa nikitoa, nitajua nimetoa." Nadhani neno hilo lilimtibu mumewe kuliko hotuba yangu.

Nikawakumbusha na haki ya masikini. Mahindi ni chakula kihifadhiwacho, na zaka yake huwajibika yakifika wasaki 5, ambazo ni kilo 650 na kidogo, yaani magunia 7 na ziada ya gunia la kilo 90. Shamba la mvua hutolewa sehemu moja katika 10. La kumwagilia kwa gharama, nusu yake. Mwenye magunia 20 ya mvua hutoa 2, wala katika madhehebu yetu hatoi kwanza gharama za mbolea. Mboga na kuku wa ufugaji mdogo hazina zaka hiyo, lakini fungu la managu kwa jirani mjane lisisahauliwe.

Mama zetu wa Lamu, Malindi, Mombasa na Kwale, ua zenu ni ndogo na mchanga wenu ni mwepesi. Hamtalima mahindi ya Kitale. Lakini mchicha na mnavu huota hata katika debe lililotobolewa, kuku huishi pwani kama waishivyo bara wakichanjwa, na daftari ni lile lile. Anzeni na kidogo mnachoweza kukitunza, msianze kwa mkopo wa riba, na kabla yai la kwanza halijaokotwa, kubalianeni nyumbani ni la nani.

Mwezi wa Januari mwanafunzi wangu alinipigia simu. Magunia yao yalikuwa bado ndani, na kopo la mayai lilikuwa likimdai shilingi 1,200. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu mwenye raha.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu yako, na utie baraka katika majumba yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.