Sauti Kabla ya Chombo: Vigezo vya Kuteua Vifaa na Nyenzo za Kujifunzia Utayarishaji wa Muziki kwa Kompyuta Wilayani Kyela

1.0 Utangulizi

Makala hii inakusudia kujadili vigezo vinavyofaa kumwongoza mtu anayeanza kutayarisha muziki kwa kompyuta, hususan katika kuteua vifaa na nyenzo za kujifunzia. Eneo la mfano ni Kyela, yaani uwanda ulio kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mkoani Mbeya. Huenda msomaji akajiuliza kwa nini mada kama hii ijadiliwe na mwanaisimu katika jarida la Kiswahili. Jibu ni kwamba mtayarishaji wa muziki na mwanafonetiki hutumia malighafi moja: sauti ya binadamu iliyonaswa, ikageuzwa kuwa tarakimu na kuhifadhiwa. Aidha, nyimbo zinazorekodiwa na kwaya, vikundi vya ngoma na vijana wa Kyela ni hazina ya lugha, hata pale ambapo waliozirekodi hawakukusudia hivyo.

Hoja tunayoitetea ni kwamba uteuzi wa vifaa hauna budi kuanzia kwenye sauti inayorekodiwa, si kwenye orodha ya bidhaa. Anayeifahamu sauti anayotaka kuinasa atanunua vitu vichache na kuvitumia vema. Asiyeifahamu atanunua vingi, na bado atapoteza kile alichokusudia kukihifadhi.

2.0 Usuli

Kwa miongo kadhaa baada ya uhuru, kurekodi muziki nchini Tanzania kulitegemea kwa kiasi kikubwa studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi au kikundi kutoka Kyela kililazimika kusafiri zaidi ya kilomita 900 ili kufika huko. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, studio za watu binafsi kama vile MJ Records na Bongo Records ziliongezeka na kuukuza muziki wa kizazi kipya. Nazo pia zilikuwa Dar es Salaam.

Mabadiliko yaliyoifikisha kazi hii wilayani yaliletwa na mambo mawili. Kwanza, mwaka 1983 ilitangazwa kanuni ya MIDI, inayoziwezesha ala za kielektroniki na kompyuta kupeana maelekezo. Yafaa kusisitiza kuwa MIDI haibebi sauti. Hubeba taarifa tu, kwamba noti fulani imepigwa, kwa nguvu kiasi fulani, na kwa muda fulani. Pili, zilizuka programu zisizohitaji mitambo ya gharama kubwa. FruityLoops, iliyoitwa FL Studio baadaye, ilitoka Ubelgiji mwaka 1997. Audacity, ambayo hutolewa bure, ilianza kusambazwa mwaka 2000. Leo kompyuta ya mkononi yenye uwezo wa wastani yaweza kufanya kazi nyingi zilizohitaji chumba kizima cha mitambo.

3.0 Sauti Zinazorekodiwa Kyela

Lugha ya wenyeji walio wengi katika uwanda huu ni Kinyakyusa. Sifa zake tatu zinamhusu moja kwa moja mtayarishaji wa muziki.

Sifa ya kwanza ni idadi ya irabu. Kiswahili Sanifu kina irabu tano. Kinyakyusa kina saba, kwa kuwa hutofautisha ngazi mbili za irabu za juu, mbele na nyuma. Kiakustika, kinachotofautisha ngazi hizo kwa kiasi kikubwa ni fomanti ya kwanza, yaani kilele cha kwanza cha nguvu katika masafa ya irabu. Kwa irabu za juu na za kati, kilele hicho mara nyingi huwa kati ya Hezi 250 na 600. Sasa, mojawapo ya mashauri wanayopewa sana wanagenzi wa kuchanganya sauti ni kupunguza masafa ya kati ya Hezi 200 na 500 kwa kutumia ikwalaiza, ili sauti “isiwe nzito”. Shauri hilo lina manufaa yake, hasa mwimbaji anaposimama karibu mno na maikrofoni na kuifanya sauti yake ivimbe chini. Lakini likitekelezwa bila kusikiliza, linadhoofisha eneo lile lile linalobeba tofauti za irabu. Msikilizaji anayeijua lugha huweza kujaza pengo kwa kutumia muktadha. Mtoto anayejifunza lugha kupitia wimbo hana msaada huo.

Sifa ya pili ni wakaa. Katika Kinyakyusa urefu wa irabu hutofautisha maana. Ni kweli kwamba katika uimbaji wakaa wa irabu hutawaliwa pia na lahani, na mtunzi ana hiari ya kurefusha au kufupisha silabi. Hata hivyo, mtunzi hufanya hivyo akiwa na lugha kichwani. Programu inayosogeza kila sauti hadi kwenye mstari ulio karibu wa gridi ya mapigo haina lugha kichwani. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, sehemu ya kumi na sita ya gridi hiyo ni milisekunde 125, muda unaotosha kuifanya irabu fupi isikike kama ndefu. Kiswahili nacho hakisalimiki, kwani mkazo ukihamishwa, “barabara” ya kupitia huwa “barabara” yenye maana ya sawasawa.

Sifa ya tatu inampa mtayarishaji uhuru fulani. Kinyakyusa, tofauti na lugha nyingi za Kibantu, hakina toni ya kimsamiati, jambo ambalo limefafanuliwa, miongoni mwa wengine, na Bastian Persohn katika kitabu chake cha mwaka 2017 kuhusu kitenzi cha lugha hiyo. Kwa hiyo zana za kusahihisha kidatu, mfano wa Auto-Tune iliyoingia sokoni mwaka 1997, hazitarajiwi kugusa maana ya neno la Kinyakyusa kama ambavyo zingeweza kuigusa katika Kihaya, ambacho ni lugha ya toni. Tahadhari inayobaki ni ya kimuziki: zana hizo, kwa mpangilio wake wa kawaida, huvuta kila noti kwenye ngazi ya piano, na si kila uimbaji wa Kiafrika unafuata ngazi hiyo.

Pamoja na lugha kuna ala. Ngoma kubwa, kama zile za ing'oma ya Wanyakyusa, hutoa mshindo wa ghafla wenye nguvu nyingi katika masafa ya chini. Spika ndogo za kompyuta haziyatoi vema masafa hayo. Mtayarishaji anayezitegemea huongeza besi akidhani haipo, kisha wimbo ukipigwa kwenye spika kubwa ukumbini hunguruma hadi maneno yakafunikwa.

4.0 Uteuzi wa Vifaa

Kutokana na maelezo hayo, tunapendekeza vifaa viteuliwe kwa kuzingatia mambo yafuatayo.

(a) Chumba. Nyumba nyingi za Kyela zimeezekwa kwa bati, na wilaya hii ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini. Hakuna maikrofoni inayoweza kutenganisha sauti ya mwimbaji na kishindo cha mvua juu ya bati. Ratiba ya kurekodi inayofuata majira, na magodoro au mablanketi mazito yaliyowekwa nyuma na pembeni mwa mwimbaji, vina faida kubwa kuliko kifaa kingine cha bei. Pazia jepesi hufyonza masafa ya juu tu. Masafa ya chini huhitaji unene.

(b) Maikrofoni. Zipo aina kuu mbili. Maikrofoni ya dainamiki haihitaji umeme, hustahimili mshindo na unyevu, na haivuti sana kelele za mbali. Maikrofoni ya kondensa hunasa undani zaidi, lakini kwa kawaida huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kifaa inachounganishwa nacho, na kiini chake huathiriwa na unyevu. Kwa joto na unyevu wa ufukweni, na kwa chumba kisichotulia, anayeanza atendewe haki na dainamiki moja imara. Akipata kondensa, aitunze ndani ya chombo kinachofungika pamoja na vifuko vya kufyonza unyevu. Desturi ya kufukia vifaa ndani ya mchele haifai, kwa kuwa vumbi lake huingia kwenye matundu. Mchele wa Kyela una sifa nyingine za kutosha.

(c) Intafesi ya sauti. Hiki ni kijisanduku kinachoigeuza sauti ya umeme kuwa tarakimu na kuipeleka kwenye kompyuta. Chenye matundu mawili ya maikrofoni chatosha kwa mwimbaji na ala moja. Kwaya nzima nayo yaweza kurekodiwa kwa maikrofoni mbili zilizopangwa kwa makini. Kipimo muhimu ni ucheleweshaji. Sampuli 256 kwa kiwango cha sampuli 48,000 kwa sekunde ni milisekunde 5.3 hivi, ucheleweshaji ambao waimbaji wengi huuvumilia. Muda ukiongezeka sana, mwimbaji hujisikia amechelewa na kuanza kuvuta maneno.

(d) Kompyuta na hifadhi. Kompyuta ya mkononi inafaa kuliko ya mezani kwa sababu betri yake huokoa kazi umeme unapokatika. Sauti ya mkondo mmoja kwa biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde huhitaji megabaiti 8.64 kwa dakika. Mikondo minane kwa dakika tano hufikia takriban megabaiti 346. Hivyo diski ya nje si anasa. Sehemu ya bajeti itengwe kwa ajili yake kabla ya kufikiria kinanda cha MIDI.

(e) Vifaa vya kusikilizia. Vipokea sauti vya kichwani vinavyofunika sikio ndivyo vya kwanza, kwa sababu chumba kisichotengenezwa huipotosha hata spika nzuri. Spika zinunuliwe baadaye.

Kanuni moja iambatane na vifaa vyote hivi: rekodi ghafi, kabla ya ikwalaiza, gridi na marekebisho yoyote, ihifadhiwe katika nakala mbili mahali pawili tofauti. Mchanganyo waweza kurudiwa mwakani. Sauti ya bibi aliyeimba wimbo wa mavuno mara moja yaweza isirudiwe.

5.0 Nyenzo za Kujifunzia na Suala la Istilahi

Nyenzo nyingi za kujifunzia taaluma hii, ziwe vitabu, miongozo ya programu au masomo ya video, zimeandikwa kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba mwanagenzi wa Kyela hujifunza kwa kuiga mkono wa mwenziwe: bonyeza hapa, vuta pale. Mbinu hiyo humfikisha haraka kwenye wimbo wa kwanza, lakini haimpi sababu za kutengua shauri lisilomfaa, kama lile la ikwalaiza tulilolijadili.

Si kwamba Kiswahili hakina maneno. Tatizo ni kwamba maneno yaliyopo hubeba mizigo miwili au mitatu. “Kipaza sauti” hutumiwa kwa kifaa kinachopokea sauti na pia kwa kile kinachoitoa. “Biti” ni tarakimu ya msingi ya kompyuta na papo hapo ni mdundo anaopewa mwimbaji. Mtu anayeambiwa “weka biti 24” ana haki ya kuduwaa. “Ngoma” ni ala, ni mchezo, na katika usemi wa vijana ni wimbo wowote mpya. Katika mazungumzo ya kawaida muktadha hutatua utata huo. Katika mwongozo wa kiufundi, utata huharibu kazi.

Tunapendekeza njia ya kati. Istilahi ambazo watayarishaji wenyewe wamekwisha kuzizoea zikubaliwe: maikrofoni, spika, miksi. Neno “kompyuta” limekwisha kutuonyesha kuwa watumiaji hulichagua neno kwa ulimi, si kwa uamuzi wa kamati. “Ngamizi” halikuweza kuling'oa. Pale penye utata pawekwe mipaka: “biti” libaki kwa tarakimu katika maandishi ya kiufundi, na “mdundo” litumike kwa muziki. Kazi hiyo inawafaa wanafunzi wa uzamili, kwa sharti waifanye wakiwa studioni pamoja na watumiaji.

Kwa sasa, mwanagenzi apime nyenzo kwa maswali manne. Je, inaeleza sababu au inaonyesha vitufe tu? Je, inahusu programu aliyonayo? Je, mifano yake ina sauti za watu na ngoma halisi, au ni midundo ya mashine pekee? Je, inamtaka asikilize kabla ya kurekebisha? Nyenzo isiyojibu hata swali moja iachwe, hata kama ni ya bure.

Aidha, vyuo vina zana ambayo haijatumiwa vya kutosha katika uwanja huu. Praat, programu ya bure iliyotungwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, huonyesha fomanti, wakaa na kidatu cha sauti yoyote iliyorekodiwa. Mwanagenzi akiifungua irabu moja kabla na baada ya kuipitisha kwenye ikwalaiza, ataona kwa macho alichokiondoa. Zoezi hilo la nusu saa laweza kumfunza zaidi ya saa nyingi za kuiga.

6.0 Hitimisho

Katika makala hii tumejaribu kuonyesha kwamba uteuzi wa vifaa vya muziki si suala la fedha pekee. Kwa Kyela, sauti zenyewe zinaelekeza kinachohitajika: chumba kilichotulia, maikrofoni imara, intafesi ndogo, vipokea sauti vya kichwani, hifadhi ya kutosha, na sikio linaloijua lugha. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Katika suala hili kibaba hujaa mapema kuliko wauzaji wanavyotuambia. Pengo lililo kubwa ni la maarifa yaliyoandikwa kwa lugha ambayo mwanagenzi anaifikiria. Kuliziba pengo hilo ni wajibu wa idara zetu za Kiswahili, na wanaoweza kutufunza tuanzie wapi ni wale walioko studioni.