Diploma Mkononi, Karo Bado

Mjini Kisii kuna taasisi mbili za umma ambazo kijana anaweza kuzisomea moja baada ya nyingine bila kuhama chumba alichopanga. Moja ni Kisii National Polytechnic, iliyoanza kwa michango ya harambee miaka ya 1970 ikiitwa Gusii Institute of Technology. Nyingine ni Chuo Kikuu cha Kisii. Aliyehitimu diploma katika ile ya kwanza akitaka kusomea digrii katika hii ya pili, nauli ya bodaboda inamfikisha. Kinachomshinda ni karo.

Sheria haimzuii. Anayetafuta nafasi ya digrii nchini Kenya hutakiwa kuwa na C+ katika KCSE, lakini aliyeikosa anaweza kuingia kwa diploma inayohusiana na kozi anayoitaka. Tangu 2014 kuna sheria ya mfumo wa kitaifa wa vyeti, na mfumo huo unaiweka diploma ngazi ya 6, shahada ya kwanza ngazi ya 7. Sita kisha saba: hesabu isiyompa taabu hata mtoto wa chekechea. Wanaotaabika nayo ni wenye kugawa fedha.

Wanaohusika si wachache. Katika KCSE ya 2024, kati ya watahiniwa 962,512, waliopata C+ na zaidi walikuwa 246,391. Waliobaki ni zaidi ya 700,000, na wengi wao wanaoendelea na masomo huishia katika vyuo vya kiufundi kama vile Kisii, Keroka na Ekerubo Gietai, au katika matawi ya KMTC. Mwaka 2016 lango lilikuwa jembamba zaidi: C+ na zaidi zilikuwa 88,929, na gredi A safi 141 nchi nzima. Waziri wa Elimu wakati huo alikuwa Fred Matiang'i, mwana wa Nyamira, aliyekabili wizi wa mitihani bila kuwapa watu wa kwao afueni yoyote. Sisemi alikosea. Nasema waliobaki nje ya C+ waliongezeka, na hakuna aliyejisumbua kufikiri watalipiwa na nani watakaporudi kubisha hodi na diploma zao.

Wakiwa chuo cha kiufundi mambo hayakuwa mabaya. Kabla ya mageuzi ya 2023 karo ya mwaka ilikuwa Sh56,420: serikali ilitoa Sh30,000, mzazi akabaki na Sh26,420, na HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ilikuwa tayari kumkopesha mwanafunzi hadi Sh40,000. Mtoto wa mkulima mdogo wa Bobasi aliweza kumaliza kozi bila shamba kuuzwa. Kisha Mei 2023 Rais William Ruto akatangaza mfumo mpya wa ufadhili wa elimu ya juu, ambao mwaka uliofuata ulipangwa katika madaraja matano. Aliye daraja la kwanza, yaani maskini kuliko wote, hupewa ufadhili wa asilimia 70 ya gharama ya kozi na mkopo wa asilimia 25, na familia yake hutoa 5. Ni mpango mzuri ukiwa ndani yake. Kwa chuo kikuu, kinachokuingiza ni kupangiwa nafasi na KUCCPS, idara ya serikali inayowagawa wanafunzi vyuoni, na mpango huo ulijengwa juu ya mwanafunzi atokaye moja kwa moja KCSE. Mwenye diploma aliyeomba na kukubaliwa na chuo kikuu chenyewe huandikwa kuwa wa kujilipia. Umaskini wake haupimwi, na daraja la sita halipo. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huo kuwa kinyume cha Katiba, kisha Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo. Kwa mwenye diploma, hiyo ilikuwa kesi ya watu wengine.

Kujilipia hakukuanza jana. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha masomo ya sambamba, vyuo vingine vikafuata, na wenye diploma na vyeti vya ualimu wakawa wateja wazuri. Walimu wa Gusii walisoma likizo za Aprili, Agosti na Desemba kwa mikopo ya Sacco iliyokatwa kwenye hati ya mshahara. Mfumo uliwafaa kwa sababu walikuwa na mshahara. Anayemaliza diploma ya umeme au ya uhasibu leo mara nyingi hana, na bado anakabidhiwa bili iliyoandikwa kwa ajili ya mwalimu aliyeajiriwa.

Chuo Kikuu cha Kisii chenyewe kilipanda kwa njia hiyohiyo. Kilianza 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi, kikapandishwa 1983 kufundisha walimu wa diploma, 1994 kikawa kampasi ya Egerton, 2007 kikawa chuo kishiriki, na Februari 2013 kikapewa hati ya chuo kikuu kamili. Safari ya kutoka cheti hadi digrii iliyochukua miaka 48, na katika kila hatua mlipaji alikuwa serikali.

Mwanafunzi aanzie wapi, basi? Wengi hukimbilia fomu ya basari. Mimi ningemwambia aanzie ofisi ya mkuu wa idara, aulize ni masomo mangapi ya diploma yake yatahesabiwa. Sheria ile ya 2014 inatambua uhamishaji wa masomo kutoka taasisi moja hadi nyingine. Utekelezaji umeachiwa chuo, na ndani ya chuo umeachiwa idara, kwa hiyo majibu hutofautiana hata katika jengo moja. Aende na matokeo kamili na muhtasari wa kila somo alilosoma, na jibu alipate kwa maandishi kabla ya kulipa senti yoyote. Akiruhusiwa kuingia mwaka wa pili, ameokoa karo, kodi ya chumba na chakula cha mwaka mzima. Hakuna basari Gusii yote inayofikia kiasi hicho, na hii haihitaji sahihi ya mheshimiwa.

Baada ya hapo, HELB. Bodi hii, iliyoundwa kwa sheria ya 1995, kwa muda mrefu imewakopesha pia wanafunzi wa kujilipia, na kwa riba ya asilimia 4 hakuna benki inayoweza kushindana nayo. Kwa aliyekwisha kuajiriwa ipo Jielimishe, mkopo wa wenye mshahara. Lakini deni la diploma halifutiki kwa sababu umevaa joho la digrii. La pili hupandana na la kwanza. Ulipaji hutarajiwa kuanza mwaka mmoja baada ya kuhitimu, na faini ya kutolipa ni Sh5,000 kwa mwezi. Aliyemaliza diploma akakaa nyumbani miaka miwili akitafuta karo asidhani amesahauliwa. Aitafute HELB kabla haijamtafuta.

Basari ndizo zenye matumaini mengi na adha nyingi. Kisii ina maeneobunge 9 na Nyamira 4, kwa hiyo kuna kamati 13 za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneobunge, kila moja na fomu yake na tarehe zake, na juu yake serikali mbili za kaunti. Sifa moja ya kamati hizi ni kwamba hazishughulishwi sana na gredi ya KCSE. Huomba barua ya kukubaliwa chuoni, mchanganuo wa karo, nakala za vitambulisho vya wazazi na sahihi ya chifu. Kadi ya kura haitajwi, lakini si vibaya mzazi kuwa nayo. Mkazi wa Keroka, mji ambao Kisii na Nyamira zimeuvutania kwa miaka, ajue mapema chifu wake anaripoti upande upi. Bidii inayoonekana wakati wa kukusanya ushuru wa soko la Keroka sijaiona ikigombewa wakati wa basari.

Kuna jambo moja dogo linaloweza kumuumiza anayehama. Hundi ya basari huandikwa kwa jina la taasisi. Ukijaza fomu ukiwa muhula wa mwisho wa diploma na fedha zikachelewa kutoka Hazina, kama zinavyochelewa, hundi itafika katika chuo ambacho umekwisha kukiaga, nawe uko kwingine unadaiwa. Fomu ya mwaka wa kuhama ijazwe kwa barua ya chuo kikuu, hata kama masomo hayajaanza.

Tena fedha hizi zenyewe zina kesi. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba sheria ya NG-CDF inakiuka Katiba na kuweka Juni 30, 2026 kuwa ukomo wake. Wabunge, kwa umoja ambao ni nadra kuuona, wakaanza mara moja kuutetea mfuko. Upande wa kaunti, Katiba ya 2010 inazipa elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji, na chuo kikuu ni kazi ya serikali ya kitaifa. Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, alizikumbusha hilo kwa waraka uliozuia basari za aina hiyo pasipo makubaliano kati ya ngazi mbili za serikali, na ugomvi ukaingia mahakamani. Asipange mtu digrii nzima juu ya basari. Apange muhula.

Nyumbani kuna majani chai. Familia inayopeleka chai Kebirigo, Nyansiongo au Kiamokama huisubiri bonasi, ambayo hulipwa karibu na Oktoba, ilhali vyuo vikuu hufungua mwaka wa masomo Agosti au Septemba. Hapo katikati ndipo wakopeshaji wa simu hufanya biashara. Barua ya kuomba kulipa kwa awamu, iliyopelekwa kwa ofisi ya fedha kabla ya kufungua, hugharimu karatasi moja.

Wapo Abagusii wanaoujua mfumo mwingine. Minnesota, hasa viunga vya Minneapolis kama Brooklyn Park, kumejaa watu wetu, na wengi walipata uuguzi kupitia vyuo vya jamii vya miaka miwili, kisha wakahamia chuo kikuu. Huko ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell, iliyofikia dola 7,395 kwa mwaka wa masomo wa 2024-25, humfuata mwanafunzi anapohama. Tangu vuli ya 2024 jimbo hilo lina North Star Promise, inayofuta karo ya vyuo vya umma kwa mkazi ambaye familia yake ina kipato chini ya dola 80,000. Taasisi ya Jack Kent Cooke hutoa hadi dola 55,000 kwa mwaka kwa wachache wanaohama kutoka vyuo vya jamii. Mjomba anayepiga simu kusimulia hayo aulizwe pia upande wa pili: aliyeingia Marekani kwa viza ya masomo hapati Pell. Na ajenti anayeomba amana akiahidi ufadhili wa nje apewe mfano wa kaunti ya Uasin Gishu, ambako wazazi walilipia masomo ya Finland na wengi wakabaki na risiti.

Wabunge 13 wa maeneobunge ya Kisii na Nyamira hawahitaji kwenda Minnesota kujifunza. Wanaweza kudai kwamba kipimo cha umaskini kinachotumiwa kwa aliyetoka KCSE kitumiwe pia kwa mwenye diploma aliyekubaliwa na chuo kikuu cha umma, na kwamba vyuo vichapishe wazi masomo ya diploma yanayotambuliwa. Dai la kwanza lina gharama na litabishaniwa. La pili halina gharama, na Chuo Kikuu cha Kisii kinaweza kulitekeleza muhula huu, kikianza na diploma za majirani zake wa mjini.