Mvua ya Usiku ya Karasaki

Katika picha hii hakuna mtu. Kuna msonobari mmoja mkubwa, mweusi, uliojitanda kama kilima kando ya Ziwa Biwa, na kuna mvua. Inashuka wima toka juu ya karatasi hadi chini, mistari myembamba kama nywele. Pembeni pameandikwa shairi. Mchoraji ni Utagawa Hiroshige, na picha ni moja kati ya nane za mandhari ya Omi, jimbo la kale lililolizunguka ziwa hilo, alizozitoa karibu na mwaka 1834.

Mahali hapo hakupachagua yeye. Katika karne ya 11, Mchina Song Di alichora mandhari nane za mito Xiao na Xiang. Baadaye Wajapani wakalihamishia wazo hilo kwenye ziwa lao, kila mahali pakapewa saa yake na hali yake ya hewa. Hira ina theluji ya jioni, Katata ina mabata bukini wanaotua. Mii ina kengele ya hekalu inayolia wakati wa magharibi. Hapo Hiroshige alichora mlima na mapaa ya hekalu. Kengele yenyewe haionekani. Aliyelijua shairi la mahali hapo aliisikia. Ndiyo maana nasema picha hizi zinataka kusomwa kwanza, halafu zitazamwe. Na shairi lenyewe ni waka, shairi fupi la Kijapani la mizani 31 tu.

Lakini mvua ile! Hiroshige alichora kwa brashi kwenye karatasi nyepesi; kuchonga na kuchapa hakukuwa kazi yake. Mchongaji aliibandika karatasi kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, akachonga kuifuata, na mchoro wa asili ukapotea humo humo. Ili mstari wa mvua utoke, hauchimbwi. Huchimbwa mbao iliyo kando yake, kulia na kushoto, hadi ubaki ukingo mwembamba uliosimama. Kisu kikiteleza mara moja, tone limekatika. Kisha mchapaji akalaza karatasi ya mforsadi yenye unyevu juu ya ubao uliopakwa rangi, akaisugua mgongoni kwa kisugulio kilichofunikwa ganda la mwanzi. Pale giza linapofifia taratibu, ni mkono wake uliopangusa rangi ubaoni, upya kwa kila nakala. Jina la Hiroshige linajulikana dunia nzima. Hawa wawili wanastahili nusu ya sifa, kama si zaidi.

Mwaka 1887 Vincent van Gogh alinakili kwa rangi za mafuta picha nyingine ya mvua ya Hiroshige, ile ya daraja la Ohashi. Brashi yake ilijitahidi, ila mistari ile haikupata wembamba wa kisu.

Hiroshige alifariki mwaka 1858. Msonobari aliouchora nao ulikufa; uliopo leo Karasaki, pale pale kando ya ziwa, ni wa kizazi cha tatu.