Hesabu ya mapadre

Richard Schoenherr alikuwa padre kabla ya kuwa mwanasosholojia, kwa hiyo alipoanza kuwahesabu mapadre wa Marekani alijua anagusa kidonda. Alitumia njia ile ile wataalamu wanayokadiria nayo idadi ya watu wa nchi. Alichukua majimbo 86 ya Kanisa, akaandika mapadre waliopo, akaongeza wanaopadirishwa, akatoa wanaokufa, wanaostaafu na wanaoacha upadre, kisha akaisogeza hesabu mbele mwaka baada ya mwaka. Mapadre wa majimbo waliokuwa kama 35,000 mwaka 1966 wangebaki kama 21,000 ifikapo 2005. Kati ya kila kumi walioondoka, sita tu ndio waliopata wa kushika nafasi zao.

Roger Mahony, wakati huo Askofu Mkuu wa Los Angeles, aliukataa utafiti huo hadharani. Takwimu, kwa maoni yake, haziwezi kuupangia wito mipaka. Kama hoja ya imani, sina la kumjibu. Ila Schoenherr hakuwa anatabiri wito, alikuwa anasoma umri. Padre aliyepewa daraja mwaka 1950 akiwa na miaka 26 atatimiza 75 mwaka 1999, umri ambao sheria ya Kanisa inamwomba paroko aandike barua ya kung'atuka, na hilo halibadiliki hata seminari zikijaa kesho asubuhi. Matokeo ya Schoenherr yalitoka kama kitabu mwaka 1993, na miaka iliyofuata haikumwaibisha. Ukijumlisha wa majimbo na wa mashirika, Marekani ilikuwa na mapadre zaidi ya 59,000 mwaka 1970. Kufikia 2020 walikuwa takriban 35,000, huku waamini wakiwa wameongezeka.

Parokia isiyo na paroko haifungwi siku hiyo hiyo. Kanuni ya 517 ya Sheria ya Kanisa ya 1983 inamruhusu askofu, padre akikosekana, kumshirikisha shemasi au mlei katika uchungaji wa parokia. Mwanasosholojia Ruth Wallace alikwenda kutazama parokia 20 za Marekani zilizokabidhiwa wanawake kwa njia hiyo, na kitabu chake kikatoka mwaka 1992. Wapo waamini waliopinga mwanzoni, kisha wakazoea, wengi kwa sababu mama aliyekabidhiwa parokia yao aliwafahamu kwa majina na alifika majumbani mwao. Ugumu ulikuwa kwenye sakramenti. Yeye ndiye aliyekaa na mgonjwa wiki nzima, lakini saa ya mpako mtakatifu ilibidi apigiwe simu padre wa mbali, ambaye pengine hata jina la mgonjwa halijui.

Msomaji wa Songea au Kitui atashangaa: habari iko wapi hapo? Huku kwetu kigango kuongozwa na katekista ndiyo desturi. Paroko ana vigango kadhaa na gari moja, au pikipiki. Jumapili yake ikifika anaadhimisha Misa; Jumapili nyingine katekista anaongoza ibada, anasoma masomo, anatoa mafundisho, na akiwa ameruhusiwa anagawa komunyo. Mwisho wa ibada katibu anasimama na daftari la matangazo, na tangazo linalosubiriwa kuliko yote ni lile la lini padre anakuja. Wamarekani wanaita hali hii dharura. Sisi tumezaliwa ndani yake.

Ndiyo maana maneno "uhaba wa mapadre" yanahitaji kuangaliwa vizuri. Takwimu za Vatikani zinaonyesha kuwa Afrika padre mmoja anahudumia Wakatoliki wapatao 5,000. Ulaya ni chini ya 2,000. Hata hivyo mapadre wanasafiri kutoka huku kwenda kule. Mwaka 2006 Dean Hoge na Aniedi Okure, huyu wa pili akiwa Mdominiko kutoka Nigeria, walionyesha kuwa karibu padre mmoja kati ya sita wanaohudumu Marekani ametoka nje. Mjadala mwingi kule ulihusu lafudhi na mahubiri yasiyoeleweka. Kuhusu vigango walivyoviacha nyuma, yalisemwa machache. Roma ilikuwa imeliona hilo mapema: mwaka 2001 ilitoa maelekezo ya kudhibiti mapadre wa majimbo ya kimisionari wanaokwenda kukaa ughaibuni. Hata hivyo askofu mwenye seminari ya kulisha na paa la kanisa la kuezeka hakatai kirahisi ombi la jimbo tajiri, nami simlaumu sana.

Mwaka 2021 Papa Fransisko aliifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi ya Kanisa, yenye ibada yake ya kuwekwa. Posho haikutajwa. Hiyo bado ni ajenda ya halmashauri ya parokia, na kwa kawaida hufikiwa baada ya ujenzi, wakati wajumbe wameshaanza kutazama saa.