Paris ni moja, viwanja vya ndege ni viwili



Mwaka jana mama mmoja wa likelemba yetu alinijia shuleni saa ya mapumziko, ameshika karatasi mbili. Binti yake yuko Montréal, kule Canada, na alikuwa na mimba ya miezi minane, mimba ya kwanza. Visa ya Canada ilikuwa imekwisha kutoka. Vikwembe vya kumbebea mtoto vilikuwa vimekunjwa ndani ya valizi. Ilibaki tiketi tu. Ajansi ilimpa njia mbili, na zote zilitoka hapa Lubumbashi, zikapita Addis-Abeba, kisha Paris, kisha Montréal. Moja ilipita nyingine kwa dola 210.

“Mwalimu, wewe unasoma Kifaransa kunipita. Niangalilie kama hii ya bei ndogo haina shida.”

Niliangalia. Niliona saa ya kufika Paris na saa ya kuondoka Paris, katikati kuna nafasi ya masaa sita. Nikasema moyoni, masaa sita yanatosha, hata atapumzika kidogo. Nikamrudishia karatasi, nikamwambia: “Mama, lipa tu.”

Siku ya safari, pale Luano, kijana wa kupokea abiria alipekua pasipoti yake mbele na nyuma, kisha akamwuliza: “Mama, visa ya Ufaransa iko wapi?” Mama akamwonyesha ya Canada. Kijana akatikisa kichwa. Ndege ya kwanza ilikuwa inafika katika uwanja mmoja wa Paris, na ya pili ilikuwa inatoka katika uwanja mwingine. Bila ruhusa ya kuingia Ufaransa hawezi kutoka katika ule wa kwanza kwenda katika ule wa pili, na kompanyi ya ndege haiwezi kumpandisha mtu itakayelazimishwa kumrudisha. Watoto, wajukuu na majirani waliokuja kumsindikiza walirudi naye nyumbani na valizi zake.

Siku kumi na moja zilipita mpaka akapata tiketi nyingine. Mtoto alizaliwa siku ya tatu. Binti yetu alikuwa maternite bila mama yake, na kwa uzazi wa kwanza mnajua hilo ni jambo gani. Ajansi ilirudisha sehemu tu ya pesa. Mama alinisamehe, hata alinicheka mbele ya kikundi. Lakini karatasi ile niliishika mimi kwa mikono yangu, na jibu lilikuwa limeandikwa pale. Tangu siku ile nimesoma na kuuliza mengi juu ya jambo hili, na ndiyo sababu ninawaandikia.

Kila uwanja mkubwa wa ndege una herufi zake tatu. Luano yetu ni FBM. N'djili ya Kinshasa ni FIH. Kwenye tiketi herufi hizo ziko karibu na jina la mji, mara nyingi kwa maandishi madogo. Kwenye tiketi ya mama yetu, mstari wa kufika uliandikwa Paris CDG, na mstari wa kuondoka uliandikwa Paris ORY. Mimi nilisoma “Paris” mara mbili, nikafurahi.

Mtego uko hivi. Mji mkubwa nao una herufi zake tatu zinazofunika viwanja vyake vyote: Paris ni PAR, London ni LON, New York ni NYC. Ajansi ikitafuta “PAR” kwenye mashine, inaletewa ndege za viwanja vyote kwa pamoja, na mashine inapanga kwa bei, ile ndogo juu. Mashine haijui kama msafiri ana visa gani. Haijui kama ana miguu inayovimba.

CDG ni Charles de Gaulle, uwanja mkubwa uliofunguliwa mwaka 1974 kule Roissy, kaskazini-mashariki, kama kilomita 25 kutoka katikati ya Paris. ORY ni Orly, wa zamani zaidi, uko kusini, kama kilomita 13. Kwa hiyo kati ya viwanja hivyo viwili kuna mji mzima wa Paris. Mwenye kuvuka anaweza kuchukua treni ya RER B kutoka Charles de Gaulle hadi Châtelet, na hapo kuingia metro namba 14, ambayo tangu Juni 2024 inafika Orly. Kwa kijana anayejua njia ni kama saa moja na nusu. Kwa mama mwenye valizi mbili, ambaye hajapata kuona metro, mimi ningehesabu masaa matatu, na bado kuna kupanga mstari wa polisi wa kuingia nchi na mstari wa kupokelewa tena kwa ndege ya pili.

Lakini umbali si jambo kubwa. Jambo kubwa ni visa, na hapa naomba tusome polepole.

Ndani ya uwanja kuna sehemu ya watu wanaobadilisha ndege bila kuingia nchi. Watu wa mataifa mengi wanapita pale bila visa. Sisi hapana. Congo-Kinshasa iko katika orodha ya Umoja wa Ulaya ya nchi ambazo watu wake wanatakiwa kuwa na visa hata kwa kupita tu ndani ya uwanja, bila kukanyaga mji. Wanaiita visa ya transiti ya uwanjani. Kuna wanaosamehewa, na kati yao ni mtu mwenye visa halali ya Canada au ya Marekani. Mama yetu alikuwa amesamehewa kwa njia hiyo. Angefika Charles de Gaulle na kuondoka Charles de Gaulle, asingeulizwa neno.

Akibadilisha uwanja, msamaha huo haumsaidii, kwa sababu hapiti tena ndani ya uwanja. Anaingia Ufaransa. Hata visa ya transiti ya uwanjani, kama angekuwa nayo, haimruhusu kutoka nje. Anatakiwa kuwa na visa ya kawaida ya Schengen, ile ile ya mtu anayekwenda kutembea Paris, pamoja na karatasi zake zote, malipo yake na kungoja kwake. Weka hayo karibu na dola 210, uone.

Na kuna lingine ambalo linafanana na hilo, ila linajificha zaidi. Hata kama ndege zote mbili ziko katika uwanja mmoja, uliza kama ni tiketi moja au ni tiketi mbili zilizobandikwa pamoja. Zikiwa mbili, mara nyingi valizi zako hazipiti moja kwa moja. Unatakiwa kuzichukua mwenyewe na kuzitoa tena, na ili kuzifikia lazima uingie nchi. Tena ndege ya kwanza ikichelewa, kompanyi ya pili itasema haikujui. Kwenye tiketi moja, ni kazi yao kukutafutia ndege nyingine.

Wanafunzi wangu waliniuliza kwa nini mji mmoja ujisumbue na viwanja viwili. Niliwaambia watazame Kinshasa. N'dolo ilijengwa wakati mji ulikuwa mdogo, kisha nyumba na masoko vikaizunguka, na ndege kubwa zikahitaji nafasi, N'djili ikajengwa mbali. Hatari ya uwanja uliobanwa na watu tuliiona Januari 8, 1996, wakati Antonov iliyoshindwa kupaa N'dolo ilipoingia katika soko la Simbazikita. Wengi waliokufa walikuwa wamama wauzaji na watoto. Paris nayo ilianza na Le Bourget, ikaja Orly, na Orly ilipojaa wakajenga Roissy.

Montréal yenyewe ina hadithi ambayo wakubwa wa viwanja wanaikumbuka kwa uchungu. Mwaka 1975 serikali ilifungua uwanja mpya mkubwa sana, Mirabel, kama kilomita 55 kutoka mjini, ikaamuru ndege za kutoka nchi za nje zishukie huko. Ndege za ndani zilibaki Dorval, uwanja wa zamani. Kwa hiyo mtu aliyetoka Ulaya na alitaka kuendelea na safari ndani ya Canada alipandishwa basi kutoka Mirabel hadi Dorval. Watu walichoka. Makompanyi yakaanza kubadilishia abiria wao Toronto. Mwaka 1997 ndege za nje zikaruhusiwa kurudi Dorval, mwaka 2004 ndege za abiria zikaisha kabisa Mirabel, na baadaye jengo lenyewe la abiria likabomolewa. Leo ukienda Montréal tafuta YUL kwenye tiketi, ndiyo Dorval. Hapo huna shida ya kuchagua.

Wenye watoto Ubelgiji wana mtego wao. Ndege za kutoka Kinshasa zinashukia Zaventem, herufi BRU, na treni inaingia chini ya jengo lenyewe. Dakika zisizofika 20 uko katikati ya Bruxelles. Lakini kuna uwanja mwingine unaojiita Brussels South, herufi CRL. Huo uko Charleroi, mji mwingine kabisa, na basi la kufika Bruxelles linachukua karibu saa moja. Ndege zake nyingi ni za bei ndogo za ndani ya Ulaya. Mtoto wako akikununulia kipande cha mwisho cha safari kwa simu yake, mwulize: BRU au CRL? Na yule anayekuja kukupokea naye aambiwe, kusudi asikungoje upande mwingine. London ni hivyo hivyo: Heathrow ni LHR, Gatwick ni LGW, na kutoka mmoja hadi mwingine ni kuingia Uingereza, ambayo ina visa yake mbali na Schengen.

Sasa wewe mwenye visa ya Schengen mkononi, ambaye Paris ndiyo mwisho wa safari yako, unaweza kuchagua kweli kati ya CDG na ORY. Kwa maoni yangu, bibi mzee afadhali Orly kama bei zinakaribiana, kwa sababu ni ndogo zaidi na iko karibu na mji. Charles de Gaulle ina majengo mengi, na kutembea ni kwingi. Lakini safari nyingi za kutoka kwetu zinafika Charles de Gaulle, na kwenda Orly ni kuongeza kituo kingine njiani. Mimi ningechukua safari yenye vituo vichache, na ningeomba kiti cha magurudumu siku ile ile ya kununua tiketi. Hakilipwi katika viwanja vya Ulaya, ila wajulishwe masaa 48 kabla. Wamama wengine wanaona haya, wanasema mimi si mgonjwa. Hicho kiti kina mtu anayekisukuma, na mtu huyo anajua mlango uko wapi.

Mjukuu wa mama yetu sasa anatembea. Mwezi wa saba mama atarudi kumwona, na tiketi ameniletea tena, kwa ujasiri wake. Nimesoma: FBM, ADD, CDG, CDG, YUL. Nimesoma mara tatu.

Kila Jumatano baada ya masomo niko katika darasa la tano. Mwenye tiketi ambayo bado hajalipa, aje nayo pamoja na pasipoti.