Uteuzi wa Matairi ya Magari katika Kata ya Kalangalala, Geita: Kasoro za Matairi ya Majira ya Baridi katika Mazingira ya Joto

Magari mengi madogo yanayotumika nchini Tanzania huagizwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Yale yanayotoka maeneo ya theluji, kama vile kisiwa cha Hokkaido, huweza kufika na matairi ya majira ya baridi. Kwa kuwa kashata zake huwa bado ndefu, mnunuzi huyahesabu kuwa mazima. Makala hii inafafanua kwa nini kigezo hicho pekee hakitoshi kwa dereva wa Kalangalala.

Mpira wa matairi hayo hutengenezwa ili ubaki laini katika nyuzijoto zilizo chini ya 7 za Selsiasi, ambapo mpira wa kawaida huanza kukakamaa. Geita ipo karibu na Ikweta, na hata asubuhi za Juni na Julai huwa na joto linalozidi kiwango hicho. Katika joto hilo, mpira huo hulegea kupita kiasi: kashata hupinda gari linapofunga breki, mwendo wa kusimama huongezeka na tairi huisha upesi. Mzigo mzito na upungufu wa upepo huzidisha joto ndani ya tairi, na hatimaye huweza kusababisha mpasuko.

Aidha, mikato myembamba iliyokusudiwa kushika barafu haifai katika tope. Udongo mweusi wa mbuga, unaopatikana kwa wingi Shinyanga, hunata na kuiziba mikato hiyo, na tairi huteleza mithili ya kipara. Barabara za changarawe za vijijini na machimboni huhitaji mifereji mipana inayojisafisha tairi linapozunguka, ilhali lami huhitaji mifereji inayotoa maji.

Utambuzi wake si mgumu. Alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji, au neno STUDLESS, huonesha tairi la baridi. Alama ya M+S peke yake haithibitishi hivyo, kwani huwekwa pia kwenye matairi mengi ya magari ya nje ya lami. Tarakimu nne za mwisho wa namba ya DOT hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Hivyo basi, urefu wa kashata uzingatiwe baada ya aina ya mpira, umri na uwezo wa kubeba mzigo. Tairi linaloonekana zima dukani laweza kuwa ndilo linalochelewa kusimama mbele ya mtembea kwa miguu.